Hodi Pasipo Mlango

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeinama kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, na mteja anakusubiri huku akilalamika. Sisi huku hatujambo. Baba ana kikohozi lakini ukimwambia hivyo anakasirika, kisha anakohoa. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anapiga mluzi kila akitamka jina lake. Mama bado ni mpishi pale kwenye bwalo la chuo kikuu, na anasema wanafunzi wa mwaka huu wanakula kama nzige.

Mimi nimemaliza shule, kama unavyojua. Nasubiri matokeo. Mama alisema kusubiri si kazi, akanichukua nikaoshe trei bwaloni. Kazi naipenda kwa sababu trei haziniulizi chochote.

Baba ameniambia unalalamika kwamba ukinipigia simu ni sawa na kuongea na ukuta. Nisamehe. Nikisikia tu "haloo", maneno yananikimbia kama vifaranga walioona mwewe. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa iliyopita nilikuwa napiga deki chini ya meza za bwalo, kwa hiyo nilikuwa naona miguu tu. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya bluu, na mwenzake soksi ya mistari ya njano. Nikadhani mwenyewe alivaa akiwa na usingizi. Kusogea mbele, jozi nyingine: kijani na nyeupe. Nyingine: nyeusi na zambarau. Meza nzima hivyo! Nikachungulia meza ya walimu. Profesa wa sheria, yule ambaye Mama anasema hata kuoga huoga na tai, alikuwa na soksi ya kijivu mguu wa kulia, na ya maua kushoto.

Nilimfuata Mama jikoni nikamnong'oneza kwamba watu wote wamechanganyikiwa. Mama akapandisha sketi kidogo. Soksi moja nyekundu, nyingine kahawia. Alicheka mpaka akashika meza.

Kumbe ni Ijumaa ya Soksi. Kila mtu wa chuo, kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi wa getini, huchanganya soksi za jozi mbili, na zile zinazobaki huzitia kwenye kapu mlangoni mwa bwalo. Za kapuni hufuliwa na kushonwa ziwe vikaragosi vya kuvaa mkononi. Kisha kikundi chao cha kujitolea huvipeleka kwa watoto waliolazwa hospitali kubwa ng'ambo ya barabara, wakawachezee na kuwachangamsha. Wanasema vyuo vingine viwili vimeanza kufanya hivyohivyo.

Nilikwenda nyuma ya chumba cha kufulia kuziona. Shangazi, zilikuwa mamia. Kamba sita, kutoka ukuta hadi ukuta, zote zinapepea, na kila moja iko peke yake bila mwenzake. Nilisimama pale mpaka maji ya ndoo yangu yakapoa. Sijui kwa nini nilitaka kulia wakati ni soksi tu.

Wanahitaji mtu anayejua kushona. Mama amewaambia, "Binti yangu kafundishwa na shangazi yake." Hakuniuliza. Nifanyeje?

Mimi wako,
Kimya


2 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Umeniandikia kurasa tatu bila kupumua, halafu eti wewe ndiye Kimya. Aliyekupa jina hilo alikudhulumu, na najua ni nani, maana ni mimi.

Hapa ni wazima. Msimu wa sare za shule umepita. Mwaka huu nimepunguza kazi, nimempa yule msaidizi wangu funguo za karakana ajifunze kugombana na wateja. Mwambie kaka yangu anywe tangawizi na aache ubishi.

Unauliza ufanyeje. Ushone! Sindano haitaki mdomo, inataka mkono tu. Nenda, keti pembeni, shona. Watakaokusemesha, waoneshe kwamba una uzi kati ya meno. Mimi nimekwepa wageni wengi kwa njia hiyo.

Lakini hiyo habari ya profesa na soksi ya maua nimeisoma mara nne, na nimewasomea jirani zangu. Mmoja alicheka akashika ubavu akasema tunamuua. Andika tena. Usingoje.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa hao jirani zako. Hatujambo. Kikohozi cha Baba kimeisha, ubishi haujaisha.

Nilikwenda kushona, na nilikaa pembeni na uzi kati ya meno kama ulivyosema. Haikusaidia. Kiongozi wa kikundi ni dada mmoja mrefu sana anayesomea udaktari wa mifugo, wote wanamwita Ngazi. Alinitazama nikishona, akasema, "Wewe una mikono mitulivu. Jumanne twende wote wodini." Nilitikisa kichwa kukataa. Yeye akaelewa nimekubali.

Basi sasa nina pua. Ni ya sifongo nyekundu, kama ya wachekeshaji wa sarakasi, na wote huvaa wakifika orofa ya nne, kabla tu ya kufungua mlango wa wodi ya watoto. Nilipoivaa nikajisikia kama nimejificha nyuma ya kitu kikubwa, wakati chenyewe kinatosha kwenye kiganja.

Wana kanuni moja wanayoichunga kuliko zote. Ngazi alinieleza kwenye ngazi (usicheke). Kila kitanda ni nyumba. Wodi haina milango, lakini huingii kitandani kwa mtu hivihivi. Unasimama miguuni pa kitanda, unagonga hewani na kusema "ko ko ko", kisha unapiga hodi. Mtoto akisema karibu, unaingia. Akisema hapana, au akigeukia ukutani, unashukuru na kuondoka. Hubembelezi. Huoneshi uso wa huzuni. Hata kama umetembea kutwa kumfikia.

Kitanda changu cha kwanza kilikuwa cha msichana wa miaka minane. Mguu wake umeinuliwa juu kwa kamba, na mwisho wa kamba kuna vyuma vizito vinavyouvuta mfupa. Wanamwita Meneja. Ana daftari na kalamu, na kila muuguzi anayepita lazima atie sahihi.

Nikagonga hewani. Sauti yangu ilitoka kama ya panya. "Hodi."

Akanitazama pua, akatazama soksi mkononi mwangu, nyekundu yenye madoa meupe.

"Ofisi imefungwa," akasema. "Njoo wiki ijayo."

Nikarudi wiki iliyofuata. "Meneja yuko kwenye mkutano," akasema, na hapakuwa na mtu mwingine hapo isipokuwa mto wake.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikalia. Ngazi akanikuta. Akaketi, magoti yake marefu yakafika kidevuni.

"Unalilia nini?"

"Hanitaki."

"Sindano aliitaka? Vile vyuma alivitaka? Tangu asubuhi mpaka jioni watu wanamshika bila kumuuliza, na ni kwa faida yake, sawa. Lakini katika hospitali hii nzima kuna mtu mmoja tu ambaye Meneja anaweza kumwambia toka, na akatoka. Nani?"

Nikajigusa pua.

"Basi acha kulia. Leo umefanya kazi kuliko sisi wote."

Shangazi, nimelifikiria jambo hilo siku nne sasa. Kwamba mtu unaweza kumpa mtu mlango.

Kimya


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usikasirike kwa kuchelewa. Nilikuwa na shughuli. Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu za hapa zote zimekauka, na mwandiko umelegea kwa sababu meza yenyewe ndogo.

Wote wazima. Mvua zimeanza. Dirisha hapa limeelekea ukuta wa jengo jingine, lakini ukiinua shingo unaona mbingu ya ukubwa wa kitambaa cha mkononi.

Huyo Meneja nampenda. Mwambie nina nafasi ya kazi kwenye karakana yangu, kitengo cha kufukuza wanaonidai.

Nakutumia kopo langu la vifungo. Lote. Waweke macho wale watu wako wa soksi. Mimi sina haja navyo kwa sasa.

Ulichosema mwishoni, kuhusu mlango, nimekisoma kisha nikafunga macho kidogo. Endelea kwenda.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kopo limefika salama. Nilimwaga vifungo vyote kitandani kwangu na kuvitambua kimojakimoja: vile vya koti la Babu, vile vya lulu vya harusi ya Mama, na kile kikubwa cha kijani ulichokuwa unanipa nikishike nikichomwa sindano ya chanjo. Hicho nimekitia mfukoni.

Nilishona macho ya soksi themanini na sita. Nilikuwa najivuna. Nilipozipeleka, sista mkuu wa wodi akachukua moja, akashika jicho kwa vidole viwili, akavuta. Likang'oka. Akaliweka kiganjani na kunionesha.

"Hiki kina ukubwa gani?"

"Kidogo," nikasema.

"Ukubwa wa koo la mtoto wa miaka miwili," akasema. Hakupaza sauti. Akanirudishia kapu zima.

Nilitamani sakafu ipasuke. Ningeweza kuua mtoto kwa kutaka soksi zipendeze. Nilirudi bwaloni nikaanza kufumua peke yangu. Mara Mama akaketi karibu yangu na mkasi. Kisha Ngazi. Kisha wanafunzi wawili wa uhandisi, na mlinzi mkuu baada ya zamu yake. Siku ya pili akaja profesa wa sheria, akavua koti, akauliza sindano inashikwaje. Hakuna aliyenilaumu. Tulishona macho mapya kwa uzi mtupu, ule mshono wa fundo ulionifundisha, unaojaa kama punje ya mtama. Niliwafundisha, Shangazi! Mimi! Nilikuwa naonesha tu kwa mikono, lakini meza nzima ilikuwa inanitazama na sikufa. Profesa alijichoma, akainua kidole, akasema, "Waheshimiwa, nimejeruhiwa nikiwa kazini." Mlinzi akamwambia, "Peleka kesi mahakamani."

Niliwatazama watu wazima wenye majina makubwa, wameinamia soksi, ndimi zimetoka nje kidogo kama watoto wanaojifunza kuandika. Sijui nilieleze vipi. Ni kama kuona mlima umepiga magoti.

Meneja amenifukuza mara tano sasa. Mara ya mwisho alisema niache ombi langu kwa maandishi.

Sasa, Shangazi. Fundi gani anagawa kopo lake lote la vifungo? Na bahasha yako ilinukia dawa. Zamani nisingejua ni dawa gani, lakini sasa naijua: ndiyo wanayopigia deki wodini. Na Baba alisema anakuja kwako kukutengenezea paa la karakana. Alikaa siku sita. Nyundo aliisahau hapa mezani, wala hakuiulizia aliporudi.

Sikuulizi. Nimefundishwa kutoingia bila ruhusa. Nasimama tu hapa, miguuni pa barua.

Ko ko ko. Hodi?

Kimya


4 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Hakuna mtu nyumbani.

Baba yako hajui kudanganya tangu utotoni. Alipoiba sukari alikuja na mdomo mweupe kusema si yeye. Usimsumbue.

Vifungo vitunze, hata kama macho hayavihitaji. Makosa uliyoyafanya ni ya fundi. Asiyeshona hafumui. Mimi niliwahi kumkatia bwana harusi suruali yenye miguu miwili ya kushoto, na bado nikaitwa fundi.

Kuhusu Meneja: kama ataingia chumba cha upasuaji, mwambie asubuhi yake watamnyima hata maji, na midomo itakauka kama karatasi. Aruhusiwe kukasirika. Na baridi ya kile chumba haisemeki, aombe blanketi la pili. Wanalo, ila hawatoi mpaka uombe.

Nimesikia tu kwa watu.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Meno ya mdogo wangu yanaota, mluzi umekwisha, naye anasikitika. Matokeo bado.

Nina jambo la kukusimulia.

Mara ya saba Meneja alisema, "Ingia. Lakini usiseme kitu." Hiyo ndiyo amri pekee maishani ambayo nimeweza kuitii bila shida. Niliketi. Soksi ya madoa mkononi mwangu ikamtazama, naye akaitazama. Dakika nyingi. Nilifikiri nimeshindwa tena. Kisha akainamia soksi, si mimi, akaiuliza:

"Watakaonipasua mguu, na wao watapiga hodi?"

Soksi haikujua. Mimi pia sikujua. Nilimwambia Ngazi, Ngazi akamwambia sista, na sista akaliandika kwenye faili la Meneja.

Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Waliniruhusu nimsindikize mpaka kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, mbele ya milango miwili mikubwa. Nilimwambia kuhusu blanketi la pili. Akaliomba, akapewa. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ulivyosema. Alikuwa amekasirika na nilimwacha akasirike. Lakini alipoiona ile milango, kidevu kikaanza kutetemeka, naye hajawahi kulia mbele ya wafanyakazi wake.

Mlango ukafunguka. Akatoka daktari wa upasuaji, mtu mkubwa mwenye mvi, nguo za kijani, barakoa usoni. Ni mwalimu pia chuoni, Ngazi aliniambia baadaye. Nilidhani atashika kitanda akivute ndani kama wanavyofanya. Hakukishika. Alizunguka akasimama miguuni. Akainua mkono, akagonga hewani.

"Ko ko ko. Hodi, Meneja."

Muuguzi aliyekuwa anasukuma akaachia vishikio. Hakuna aliyesogea. Shangazi, nilijua wana saa zao, na mashine zinawaka mle ndani, na watu wamevaa glovu wanangoja. Naye alisimama vile kana kwamba siku nzima ni ya Meneja. Nilihesabu pumzi zangu. Zilifika tisa. Angeweza kusema hapana! Wote pale tuliliona hilo, na yeye daktari alilijua, na bado akangoja.

"Karibu," Meneja akasema. "Lakini leo tunafunga mapema."

"Tutamaliza kabla hujafunga," akajibu.

Akageuka kwenda ndani, nami nikainamisha uso kwa sababu ya machozi, kwa hiyo nikaona miguu tu, kama siku ile chini ya meza. Soksi moja ya kijivu. Nyingine nyekundu, yenye madoa meupe.

Nilitazama mkono wangu. Miezi mitatu nimeibeba, nimeifumua macho na kuyashona upya, na sikuwahi kujiuliza mwenzake anatembea wapi.

Meneja alitoka baada ya muda wa saa nne. Mfupa umekaa sawa. Jana nilimpigia hodi, akaniambia ofisi imefungwa. Nilishuka ngazi zote nne nikicheka peke yangu, na watu wakinipisha.

Shangazi, huwezi kuwakataa wenye sindano. Baba hukuweza kumkataa, maana yeye alibeba mfuko akaja. Mimi unaweza kunikataa. Ukisema hakuna mtu, nitashukuru niondoke, na sitaonesha uso wa huzuni, hata kwenye karatasi. Kisha nitarudi.

Ninacho kile kifungo cha kijani mfukoni. Sasa ni zamu yako kukishika.

Ko ko ko.

Hodi, Shangazi.

Kimya


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Ni uvimbe tumboni. Waliutoa mwezi wa tatu. Nangoja majibu, kama unavyongoja matokeo yako, na yako yatatangulia. Nilimwapisha baba yako asikwambie, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa bado ananiandikia kama fundi.

Barua yako nimewasomea jirani zangu, yaani vitanda vinne upande huu na vitatu ule. Nilipofika kwenye zile pumzi tisa, wodi nzima ilihesabu pamoja nami, hata yule anayekoroma mchana. Leo asubuhi daktari wetu alipofika na wanafunzi wake kumi, bibi wa kitanda cha mlangoni akamnyooshea kidole akamwambia, "Hujapiga hodi." Alisimama. Akafikiri. Akagonga hewani.

Tulimkaribisha wote kwa pamoja, kwa sauti, mpaka sista akaja mbio.

Karibu, mwanangu. Hospitali baba yako anaijua: wodi ya wanawake, orofa ya pili, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Njoo na pua. Hapa hatuna mlango, kuna pazia tu, na lenyewe limechanika. Nitalishona ukiniletea uzi.

Ukifika unaweza kunikuta nimegeukia ukutani. Usiogope. Kaa kwenye ngazi kidogo, kisha urudi ubishe hodi tena.

Shangazi yako